Mgeni Aliyevunjika Mguu Sebuleni kwa Sultani

Hapo zamani, siku ambazo motokaa katika mji wa Shangamu ilikuwa moja tu na mwenyewe ni Sultani, alikuwako muuza mikate ya mofa, jina lake Machano. Mofa ni mkate wa mtama, na kama hujapata kuula wa moto moto, pole yako. Machano akiupeleka mji mzima kwa baiskeli, tenga nyuma na kengele mbele, hata watu wakijua kumekucha kwa kuisikia kengele ile. Hakuwa na shamba wala ng'ombe. Alikuwa na mkewe Mize aliyeoka, baiskeli iliyobeba, na miguu miwili iliyozungusha. Ukiondoa kimoja katika hivyo, njaa ilikuwa haina haja ya kuuliza njia ya kwao.

Sultani Nasibu naye alikuwa na barabara. Aliijenga kwa mawe yaliyochongwa, kutoka lango la jumba lake mpaka sokoni, akaipenda kuliko alivyowapenda wake zake, na hayo waliyasema wake zake wenyewe. Kila mgeni wa heshima akifika, Sultani humwambia, "Barabara hii ni sebule yangu, nimeitandaza nje tu." Watu wakacheka kwa adabu, maana neno la Sultani halikosi wachekaji.

Hata siku moja asubuhi, Machano akatoka kichochoroni akaingia barabarani, akapiga kengele kama desturi yake. Motokaa ya Sultani ilikuwa ikija, dereva peke yake ndani, naye akapiga honi. Machano akadhani ameonwa, dereva akadhani amepishwa, na wawili wakidhaniana hivyo mwisho wao ni kukutana. Tenga likaruka, mofa zikatawanyika mpaka mlangoni pa msikiti, gurudumu la mbele likapindika kama kitumbua kilichokaliwa, na mguu wa kulia wa Machano ukavunjika chini ya goti. Taa moja ya motokaa nayo ikapasuka. Dereva akashuka, akaitazama ile taa, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, akapanda, akaenda zake.

Basi majirani wakambeba Machano mpaka kwake. Akaitwa mhazigi, fundi wa kuunga mifupa, akaunyoosha mguu na kuufunga kwa vijiti vya mwanzi, kisha akanena kweli bila kuipaka asali: mguu ule usipokandwa na kufungwa upya kila mara, utaunga upande. Na yeye mhazigi alikuwa na watoto wa kulisha, hakuweza kuja kila mara kwa ahsante. Machano akaogopa sana, kwani mguu uliounga upande hauzungushi baiskeli.

Siku ya pili akaja tarishi wa Sultani. Mize akamkaribisha kwa furaha akidhani ametumwa kumpa pole mgonjwa.

"Sultani anakuita barazani keshokutwa," akanena tarishi, "uje uilipie taa. Ukikosa cha kulipa, baiskeli yako itachukuliwa."

"Na huu mguu?" akauliza Mize.

Tarishi akauangalia mguu kwa muda. "Mguu sikuagizwa kuuchukua," akajibu.

Machano akaugeukia ukuta. Mize yeye hakugeukia ukuta. Alijitanda buibui lake akatoka kwenda kuwatafuta mawakili. Na mawakili Shangamu walikuwako, tena wenye vilemba vikubwa. Kila mmoja alimkaribisha vizuri, akamsikiliza kwa huruma, mpaka alipotajiwa mshtaki ni nani. Hapo mmoja akashikwa na kikohozi, mwingine akakumbuka ana safari ya mbali, na wa tatu akamwuliza kama mumewe hakuwa na desturi ya kuanguka anguka mwenyewe. Jioni Mize akarudi na Pandu.

Pandu bin Vuai alikuwa fukara kuliko mafukara wote wa mji ule. Wako waliomwita mwerevu na wako waliomwita mwendawazimu, na mara nyingi walikuwa watu wale wale, yategemea kama maneno yake yamempata jirani au yamewapata wao.

"Huyu ndiye wakili?" akauliza Machano.

"Ndiye aliyebaki," akajibu Mize.

Pandu akaketi, akala mofa mbili kwanza, maana alisema kesi haisikiki kwa tumbo linalonguruma. Kisha akauliza, "Ndugu yangu Machano, ulipokuwa unaingia barabarani, ulifanya nini?"

"Nilipiga kengele."

"Na dereva?"

"Akapiga honi."

"Kabla hajakugonga?"

"Sasa akishanigonga angepigia nini?"

Pandu akacheka hata mofa ikampalia. Machano akachukizwa, kwani hakuna aliyevunjika mguu akapenda kuchekewa. Pandu akamshika mkono akamwambia, "Usinune, ndugu yangu. Mguu wako umevunjwa na motokaa ya Sultani, nao utaungwa na ulimi wa Sultani. Wewe siku ya baraza nyamaza tu, mie niachie maneno."

Siku ya baraza ilipowadia, majirani wakambeba Machano juu ya kitanda chake cha kamba, wakamtua mbele ya watu wote. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Sultani alikuwa ameketi juu, na kulia kwake ameketi kadhi.

"Ewe muuza mofa," akanena Sultani, "barabara ile ni nyumba yangu, mji mzima wajua. Mawe yake yangu, vumbi lake langu. Umeingia nyumbani kwa mtu bila ya hodi, ukanivunjia na taa. Una nini cha kusema?"

"Uishi, Maulana," akajibu Pandu. "Mgonjwa ameniachia mimi ulimi wake. Nina swali moja tu kwa kadhi. Mtu anayebisha nyumbani kwa watu, ni lazima aseme hodi kwa mdomo, ama hata akigonga mlango yatosha?"

"Lolote lisikikalo latosha," akajibu kadhi.

"Basi baiskeli haina mdomo, hodi yake ni kengele. Machano akaipiga. Na dereva wa Maulana akamwitikia kwa honi. Na mimi, tangu mama yangu anizae, sijasikia watu wa nyumbani wakiitikia hodi kwa neno jingine ila karibu."

Watu wakaziba midomo kwa ncha za vilemba. Kadhi akaitazama dari kitambo, kana kwamba hukumu imeandikwa huko. Kisha akasema, "Aliyebisha akaitikiwa, huyo ni mgeni. Na mgeni akivunja kitu cha nyumbani hatozwi."

Uso wa Sultani ukawiva. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Ila hakuzoea kujibiwa, na asiyezoea kujibiwa hukasirika upesi. "Vyema," akanena. "Taa nimemsamehe. Lakini kama mgeni hatozwi, mgeni pia hamdai mwenyeji wake, kwa hiyo nisisikie habari ya fidia ya mguu. Mnataka ugeni? Chukueni ugeni. Na akae sebuleni kwangu mpaka apone, pale pale barabarani, juani. Chakula kitatoka jikoni kwangu."

Machano akafungua mdomo, lakini Pandu alikuwa amekwisha kuinama hata kilemba chake kichakavu kikagusa sakafu.

"Ahsante, Maulana. Na desturi za nyumbani kwako zifuatwe huko?"

"Zifuatwe zote," akasema Sultani, "hata moja isipunguzwe. Mwondoeni."

Walipokuwa wakirudi, Machano akanena kutoka kitandani, "Kaka Pandu, umeniweza. Nilikwenda kulipa taa, narudi kulala njiani."

"Hukusikia vizuri," akajibu Pandu. "Umepewa sebule kubwa kuliko ya waziri, na jiko la Sultani juu yake."

Basi kesho yake, siku ya Ijumaa, Pandu akakiweka kitanda katikati ya barabara, akatundika shuka za Mize juu yake pawe na kivuli, akatandika majamvi upande huu na upande huu. Kisha akapita mitaani akitangaza kwamba Machano ni mgonjwa, yuko sebuleni kwa Sultani, na anayetaka kumjulia hali asione haya. Nawe wajua, kumjulia hali mgonjwa ni haki yake mgonjwa; asiyekwenda husemwa. Ikawa mtaa huu ukamwaga watu, na mtaa ule ukamwaga watu. Kila aliyefika alisema hodi, akaitikiwa karibu, akavua viatu, akaketi. Makubadhi na mitalawanda ikapangwa kandokando ya barabara mpaka ikawa mtu hajui chake ni kipi. Hata waziri akaja, na kadhi akaja, kwani nao walikuwa na majirani wa kuwasema.

Likaja sinia la chakula kutoka jikoni kwa Sultani, likarudi tupu na salamu kwamba mgeni ana wageni, na mgeni wa mgeni wako ni mgeni wako. Likaja jingine, nalo likarudi. Mpishi mkuu akachinja, akapika, akachinja tena, mwisho akaketi juu ya kinu akashika tama. Machano, aliyekuwa amekesha usiku kucha akiwaza njaa, sasa alikuwa na mapaja ya kuku hata hajui aanzie lipi, na kwa mara ya kwanza tangu avunjike akajiona anacheka.

Adhuhuri ilipokaribia, Sultani akatoka kwa motokaa aende msikitini. Dereva akakuta mji umeketi barabarani. Akapiga honi.

"Karibu, karibu," wakaitikia watu wote, wakasogeleana kumwachia nafasi ya kuketi.

Pandu akaja mpaka ubavuni mwa motokaa, miguu mitupu. "Maulana, karibu nyumbani kwako. Ila kuna desturi."

"Desturi gani tena?"

"Sebuleni kwa Maulana haingii mtu na viatu. Waziri amevua, kadhi amevua."

"Mimi nimekaa ndani ya motokaa," akasema Sultani. "Viatu vyangu havigusi chini."

"Vya Maulana havina neno. Ninavyosema ni vya motokaa. Inavyo vinne, na vyote vimekanyaga mavi ya punda. Dereva na aivue, kisha ipite taratibu, hata kwa magoti."

Dereva akayatazama magurudumu, kisha akamgeukia Sultani kwa heshima kungoja amri. Na ule uso wa dereva, uliokuwa ukifikiri kwa dhati aanze na kiatu kipi, ndio uliomshinda Sultani. Akaanza kwa kutabasamu, akajizuia, akashindwa, akacheka hata akajifuta machozi kwa ncha ya joho. Kisha akavua makubadhi yake, akashuka.

Mawe yalikuwa moto. Sultani aliyeyapenda mawe yale miaka yote hakuwahi kuyakanyaga kwa unyayo wake. Akaenda akirukaruka mpaka kivulini, akaketi ukingoni mwa kitanda cha Machano.

"Kumbe yanaunguza hivi?" akauliza.

"Tangu asubuhi, Maulana," akajibu Machano.

Sultani akautazama ule mguu, umevimba, umefungwa vijiti, na ngozi imekuwa nyeusi kama bilingani. Barazani hakuwa ameutazama. Alitazama watu waliokuwa wakimtazama yeye. Akaona haya, na haya ya mkubwa ni nzito kwa sababu haina pa kujificha.

"Pandu," akanena, "nifanyeje niipate barabara yangu?"

"Maulana aseme tu kwamba hapa si nyumbani. Hapo hapo kila mtu atavaa viatu vyake aende zake."

"Basi si nyumbani," akasema Sultani. "Hii ni njia, na njia ni ya kila apitaye. Nimekwisha sema."

Pandu akamgeukia kadhi, aliyekuwa jamvini na kinywa kimejaa pilau ya Sultani. Kadhi akatafuna, akameza, akafuta vidole.

"Ikiwa ni njia ya watu," akanena kadhi, "Machano hakuwa mgeni, alikuwa mpita njia. Asiyedai ni mgeni. Mpita njia aliyegongwa, huyo anadai, na aliyemgonga analipa."

Sultani akamtazama kadhi, akamtazama Pandu, kisha akapiga paja lake. "Ewe Pandu, umenitoa nyumbani kwangu mwenyewe."

"Maulana ametoka kwa miguu yake," akasema Pandu. "Mimi nilishika mlango tu."

Hapo Sultani akamwuliza Machano mwenyewe anadai nini. Machano akajikohoza. "Mguu wangu uungwe mpaka unyooke, Maulana. Gurudumu langu nalo linyooke. Na tupate riziki yetu mpaka siku nitakayoweza kupanda tena."

"Na maumivu," akasema Mize nyuma yake. "Umesahau maumivu."

"Na maumivu," akasema Machano.

Kadhi akayakadiria yote pale pale, na Sultani akayalipa kabla ya adhana, tena kutoka mfukoni mwake, si katika hazina ya mji. Dereva akaagizwa kwamba tangu leo honi si ruhusa ya kupita. Ni kuomba kupishwa, na anayeomba husimama kungoja jibu. Na Pandu akavikwa joho, akapewa kazi ya kuwasemea wote watakaoumia njiani wasiokuwa na cha kumpa wakili. Akauliza kama kazi hiyo ina chakula cha mchana. Akaambiwa inacho. Akaikubali.

Mguu wa Machano ukaunga, ukanyooka. Siku ya kwanza alipopanda tena, alifika kwenye kona ile ile, akapiga kengele. Motokaa ilikuwa ikija. Ikapiga honi, ikasimama. Machano naye akasimama, hajui afanye nini, maana hajapata kupishwa na mtu yeyote duniani, sembuse mfalme. Sultani akatoa kichwa dirishani.

"Pita," akamwambia. "Pita, mwenye nyumba."

Hekaya yangu naiegesha hapa. Aliyecheka, kicheko ni chake; na aliyegongwa, asione haya kudai.