Kichwa cha Mheshimiwa Kobe

Hapo zamani, kale kabisa, wanyama walipokuwa na serikali yao, mkuu wa nchi alikuwa Kobe. Tulieni basi, nyie, mbona mnasukumana?

Kutawala alitawala Waziri Mkuu, Fisi. Kazi ya Kobe ilikuwa moja tu: kuinamisha kichwa kukubali. Bila kichwa kile kuinama, neno la Fisi halikuwa amri. Na Fisi mwenyewe ndiye aliyempendekeza. "Mpole huyu," alisema, "hatatusumbua."

Kweli, Kobe aliinamisha mpaka shingo ikamuuma.

Ukaja ukame. Fisi akakifunga kisima cha nchi, akanywa yeye na shemeji zake. Watoto wa digidigi wakaanguka kwa kiu. Baraza la wanyama likachemka: leo leo Fisi apigiwe kura, atoke!

Fisi huyoo, mbio hadi kwa Kobe. Hata hodi hakupiga.

"Mheshimiwa, livunje Baraza sasa hivi, kabla hawajapiga kura! Inamisha kichwa!"

Kobe akajua: Baraza likivunjwa, hakuna wa kumtoa Fisi, na kisima ndiyo basi tena. Akawafikiria wale watoto, roho ikamuuma.

"Mimi nani hata nikatae?" akasema taratibu. Mara, chwiip! Kichwa ndani ya gamba.

"We Kobe!"

"Nipo," sauti ikajibu kutoka ndani. "Sheria inasema niinamishe. Haikusema lini. Kaa kwanza, ule."

Mke wa Kobe akaleta sinia la mifupa ya kuchoma, aliyowawekea wageni. Fisi na tamaa yake! Akasahau kilichomleta. Kwatu! Kwatu! Akaongezwa, akala tena.

Nje ngoma ikalia: pu! pu! pu! Kura imepita, Fisi katolewa.

Kichwa kikachomoza. "Ehe, Waziri Mkuu, ulikuwa unasema... Ah, samahani. Bwana Fisi."

Jioni akaingia Nyati, Waziri Mkuu mpya.

"Kisima kifunguliwe!" Hajamaliza kusema, Kobe ameshainamisha.

"Na la pili," Nyati akakohoa, "hilo gamba lako, Mheshimiwa. Tumeona ni la kizamani. Livuliwe."

Chwiip!

Kisha sauti ikatoka ndani: "Mke wangu, hivi Nyati anapenda kula nini?"

Basi wanangu, ukimpa mtu kazi ya kukubali tu, usisahau kwamba kichwa ni chake.