Nyumba ya Mlango Mfupi

Paukwa!

Pakawa!

Hao walioitikia ni wa mbele tu. Wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja. Zamani, zamani ile ambayo hata babu wa babu yangu aliisikia kwa kusimuliwa, palikuwa na kijiji cha wakulima wa mtama. Kijiji kilikuwa na mganga mmoja, jina lake Kingaru. Nje ya nyumba yake palilazwa gogo, na juu ya gogo hilo wagonjwa walikaa kusubiri zamu.

Gogo lilikuwa na sheria. Mgonjwa mkubwa kwa umri alikaa kichwani, karibu na mlango. Anayemfuata kwa umri alikaa ubavuni mwake, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Akija mzee mwingine, watu walisema, "Sogea, mdogo," na wote wakasogea. Kru, kru, kru. Aliyekosa nafasi alianguka. Puu! Na mama aliyeleta mtoto alihesabiwa kwa umri wa mtoto, maana mgonjwa ni mtoto. Basi wa kuanguka walijulikana.

Asubuhi moja Siwatu alifika na bintiye, Mizi, ambaye alikuwa bado anatambaa. Mizi alikuwa na homa na alikataa ziwa tangu jana yake. Siwatu akakaa mwisho wa gogo.

Akaja mzee mwenye goti bovu. "Sogea, mdogo." Kru, kru, kru. Puu! Siwatu chini.

Akainuka, akajipangusa vumbi, akakaa tena.

Akaja bibi mwenye kikohozi. "Sogea, mdogo." Kru, kru, kru. Puu! Siwatu chini.

Akaja Mzee Machano, ambaye mgongo ulimuuma kila palizi ilipokaribia. Kru, kru, kru. Puu!

"Shikamoo, babu," Siwatu alisema kutoka chini. "Mwanangu anaungua."

"Marahaba, mjukuu wangu. Pole. Atakua, naye atasogea mbele."

Mzee Machano hakusema kwa ubaya. Yeye mwenyewe aliwahi kuanguka mwisho wa gogo lile, na mama yake kabla yake.

Jua likapanda. Mizi akaacha kulia. Siwatu alimtazama usoni, akaogopa kuliko alipokuwa akilia.

Hapo akaja Bi Mwajabu, mfinyanzi wa vyungu, mkubwa kuliko wote kijijini. Alikuja kwa ajili ya macho yake. Gogo zima likasogea. Kru, kru, kru. Puu!

"Nani huyo anaanguka kama fenesi?"

"Ni Siwatu na mtoto tu, dada," alijibu Mzee Machano.

"Tu? Machano, mtoto huyo anapumua kama mvukuto, wewe unasema tu?"

"Si mimi, dada. Ni sheria."

Bi Mwajabu akamtazama Mizi kwa karibu, pua kwa pua. Kisha akainama. "Siwatu, mwanangu, nifungie mtoto mgongoni. Kaza. Zamu yangu imefika."

Siwatu akamfunga. Bi Mwajabu akaingia, na Siwatu nyuma yake.

"Shikamoo, bibi," alisema Kingaru. "Leo unaumwa nini?"

"Mgongo."

"Una nini?"

"Una homa. Unakataa ziwa. Utazame mwenyewe."

Kingaru akazunguka nyuma. Akamkuta Mizi, akacheka mpaka akashika nguzo. Alipomgusa, kicheko kikaisha. Siwatu akamfungua mtoto, akampakata, na Kingaru akachota dawa kwa kata yake, akamwekea Mizi mdomoni. Mizi akapaliwa. Dawa ikamwagika kifuani kwa Siwatu.

"Kata yangu ni ya mkulima," alisema Kingaru polepole. "Sijui ya huyu ni kiasi gani."

"Basi tumuulize yeye," alisema Bi Mwajabu. Akakunja jani, akachovya. Tone. Mizi akameza. Tone. Akameza. Wakaendelea hivyo, wakimtazama, mpaka jasho likamtoka na akanyoosha mkono kutafuta ziwa la mama yake. Siwatu akaketi pale pale sakafuni, akamnyonyesha, huku akicheka na kulia.

Habari zikazunguka. Kesho yake kila mama alikwenda kutafuta mzee wa kuumwa mgongo. Wazee walibebeshwa. Mzee Machano alipewa mvulana mnene wa jirani.

"Huyu analishwa mawe?" aliuliza.

"Nyamaza, babu, unaumwa mgongo."

"Sasa kweli unauma!"

Nyumba ya Kingaru ikajaa. Huku goti, kule surua. Huku kikohozi, kule kilio. Mzee akimwambia mganga kwa mnong'ono mambo yake ya tumbo, watoto wakacheka. Mtoto aliyeletwa kwa kidonda aliondoka na kikohozi cha mtu mwingine.

"Bibi," alisema Kingaru, "umenigeuzia nyumba kuwa soko."

"Wajengee watoto yao."

Wazee wakaruka. "Nyumba nzima kwa watu wasio na meno?"

Bi Mwajabu akafungua kinywa, akawaonyesha fizi tupu, kushoto na kulia. "Mbona mimi mnanikalisha kichwani mwa gogo?"

Gogo likacheka mpaka likatikisika. Mzee Machano akaanguka. Puu! Akainuka, akaenda kuchukua shoka.

Wakajenga. Wanaume fito, wanawake udongo, watoto kelele. Mlango ukawa mfupi, mkubwa aingie ameinama. Bi Mwajabu akafinyanga vikombe vidogo vya kushikika kwa vidole vya watoto. Kingaru akamweka humo bintiye, Mkasi, awe mganga wa watoto peke yao, ajifunze kilio cha sikio na kilio cha tumbo. Gogo halikuwekwa. Palitandikwa mkeka, na Mkasi alianza na aliyezidiwa.

Siku ya kufungua, kilio kikubwa kikasikika kutoka ndani. Kijiji kizima kikakimbia. Mzee Machano akajigonga kichwa mlangoni.

"Nani kazidiwa?"

"Hakuna," alisema Siwatu, akimvuta Mizi, ambaye alikuwa amekumbatia nguzo kwa mikono yote miwili. "Mzima kabisa. Hataki kurudi nyumbani."

Bi Mwajabu akaketi mkekani akicheka. "Muacheni," alisema. "Nyumba ni yake."

Basi, wasikilizaji wangu, mtoto mgonjwa asingojeshwe hadi akue. Apewe mahali pake, dawa ya kipimo chake, na mtu anayemjua. Hapo ndipo hadithi yangu ilipoketi. Mwenye yake aisimamishe.