Kufuli la Mhina

Mtu mmoja alikuwa na kiwanda cha sabuni. Aliposafiri alimweka Lukindo kuwa meneja wa ufundi, juu ya mashine zote na mafundi sita, akamwambia awatunze mpaka atakaporudi.

Kiwandani hapo kulikuwa na desturi. Fundi akitaka kuingia ndani ya mashine kuitengeneza, kwanza huzima umeme, kisha huifunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe na kutia ufunguo mfukoni. Hakuna mwingine wa kulifungua, hata meneja. Atalifungua mwenyewe akishatoka.

Siku ya kurudi mwenye kiwanda, fundi Mhina alikuwa ndani ya pipa kubwa la kuchanganyia sabuni, akikaza mapanga yake yaliyolegea. Alikuwa amesema atamaliza saa nne. Ilipofika saa tano Lukindo akaanza kuhaha, maana alitaka bosi wake akute kila kitu kinanguruma. Akaliona kufuli, akasema Mhina amekwenda kunywa chai akalisahau, kama kawaida yao. Nani alimwambia hivyo? Hakuna. Pipa lilikuwa hatua ishirini tu kutoka pale aliposimama, na hakwenda kuchungulia. Akaagiza mkasi wa kukatia vyuma.

Fundi mmoja, mama aitwaye Nyamizi, akasimama mbele ya swichi. "Meneja, kufuli hilo hukulifunga wewe. Kamwite kwanza mwenyewe."

Mnajua alimjibu nini? Alimsukuma kando. Yeye mwenye ofisi, afundishwe kazi na mwanamke mwenye grisi mikononi. Akakata kufuli, akawasha.

Nyamizi ndiye aliyezima. Mhina alitolewa akiwa hai, miguu yote miwili imesagika.

Inanichoma, ndugu zangu, na sitaki kuisema kwa upole. Tumezoea kuwaambia watoto kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa asiyesikia alikuwa mkuu mwenyewe, na guu lililovunjika ni la mwingine. Halafu tunaita bahati mbaya.

Gari la mwenye kiwanda lilikuwa limeshaingia getini, na Lukindo alikuwa akijifuta jasho, akitafuta la kusema kuhusu mashine. Ninyi mliokabidhiwa watu, kazini, nyumbani na humu kanisani, mnadhani swali la kwanza litakuwa la mashine?