Nani Aseme "Kateni"?

Sogeeni. Anayesinzia akalale kwao, na anayejiona ana kichwa chepesi akae hapa mbele nimwone, maana fumbo hili limeshawatoa jasho watu wenye vyeti vya kutundika ukutani. Mimi nalijua lote, isipokuwa jibu.

Upande wa Dodoma, kwenye kijiji cha wakulima wa zabibu, Mzee Chilongani alikuwa na ulimi. Unacheka nini? Wako unajua chumvi na umbea tu. Wake ulijua siku. Akiitia punje ya zabibu mdomoni alisema, "Hizi bado siku nne," na siku ya nne zikawa tayari. Kijijini pale hapakuwa na mkasi uliogusa kichala mpaka yeye apite mashamba yote, mstari kwa mstari, kisha aseme neno moja: "Kateni." Hilo ndilo lililokuwa jina lake duniani.

Malogo, jirani wa ng'ambo ya ua wa minyaa, alikuwa na sikio. Yeye na mzee walikuwa na ugomvi wa miaka ishirini, na adui wa miaka ishirini anakujua mpaka unavyopiga chafya.

Sechelela, mke wa mzee, alikuwa na mkono wa kuficha. Alichokificha Sechelela hata panya waliulizana.

Na Daktari Perisi, aliyekaa hospitali ya mjini, alikuwa na jicho la mbali. Mwenyewe alizaliwa kwenye zabibu, vijiji vitatu kutoka pale, lakini sasa aliwaona wagonjwa wake ndani ya simu.

Katikati ya wote hao alikuwapo Nyemo, kitinda mimba wa mzee. Yeye hakuwa na kipaji. Alikuwa na woga.

Mzee alikuwa mgonjwa wa kisukari. Nyemo ndiye aliyeweka programu kwenye simu. Asubuhi na jioni alimtoboa baba yake kidole, akaandika namba, akaandika na chakula, na vyote vikaruka hadi kwa Daktari Perisi, naye akarudisha kipimo cha dawa ya kuchoma. Nyemo alitii programu ile kama wengine wanavyotii mchungaji. Ilipomwambia sukari ni hatari, aliifagia nyumba nzima, hata ya wageni akaigawa kwa majirani.

Msimu wa kukata ulipofika, namba zikapanda. Kumi na nne. Kumi na sita. Kumi na nane.

"Baba, umekula nini leo?"

"Uji wa uwele. Ugali kiasi, na mlenda."

"Na matunda?"

"Sijala tunda."

Nyemo akaandika: hajala tunda. Daktari akasoma, akaongeza dawa. Wiki ya pili akaongeza tena.

Mzee hakudanganya, ndugu zangu. Kwa siku alipita mistari sitini, na kila mstari punje tatu: ya juu, ya kati, ya chini. Maganda alitema, maji alimeza. Hesabu mwenyewe kama shule hukukimbia. Lakini kwake hiyo ilikuwa kazi. Kuonja si kula. Fundi cherehani akikupima suruali, je, ameivaa?

Jumamosi mavuno yakaisha. Mikasi ikapanguswa mafuta, ikatundikwa. Jumapili jioni kidole kikasema tisa, na Nyemo akapiga vigelegele peke yake uani. Jumatatu asubuhi kikasema tano na nusu. Akamchoma baba yake dawa ileile, kipimo kilekile, moyo umemjaa furaha.

Saa tano hivi, Malogo alikuwa akipalilia upande wake. Akamwona mzee ameegemea ua, akamsalimu kama kawaida yao.

"Bado hujafa tu, wewe ulimi wa kenge?"

Mzee akatabasamu. "Asante, Malogo ndugu yangu. Mungu akubariki, wewe na wanao."

Jembe likamwanguka Malogo. Angetukanwa ukoo mzima asingeshtuka vile. Akautazama uso wa mzee, jasho linatiririka na yeye yuko kivulini, akaruka ua wa minyaa, utomvu na yote, akamdaka kabla kichwa hakijagonga jiwe. "Nyemo! Njoo! Baba yako ananibariki!"

Nyemo akatoka mbio. Alivyomwona baba yake macho yamegeuka, akili yake iliona namba moja tu: kumi na nane. Imepanda tena, akasema moyoni. Akabonyeza kitufe chekundu cha kumwita daktari, na bila kungoja jibu akavuta dawa kwenye bomba la sindano, akampandisha baba yake shati. Simu ikalia. Akaipokea kwa bega.

"Umempima?" Daktari Perisi hakusalimia.

"Sina muda wa kumpima! Imepanda, daktari, wiki tatu zote imepanda!"

"Nyemo. Mbele yangu hapa naona tisa ya jana, naona tano na nusu ya leo. Hiyo haipandi, inaporomoka. Weka sindano chini."

"Lakini..."

"Weka chini! Mtoboe kidole."

Nyemo akaweka chini. Kwa haraka akatoboa mara mbili. Mbili nukta tatu.

"Anameza?"

"Kwa shida," alijibu Malogo, amemkalisha mzee kifuani pake.

"Mpeni sukari, kwa maji, kidogo kidogo. Sasa hivi!"

Hapo Nyemo akakumbuka. Sukari ipi? Aliifagia yote kwa mkono wake, na ile ya majirani ilishanyweka zamani. Shambani hata kichala kimoja cha kusahaulika hakikubaki. Kwa Malogo walikunywa chai ya tangawizi bila sukari, na duka lilikuwa mwendo wa nusu saa.

Sechelela aliingia jikoni, akatia mkono ndani ya pipa la unga wa uwele mpaka kwapani, akatoka na kifuko cha nailoni kimefungwa mafundo matatu. Sukari. Miezi minane aliilamba kwa siri kwenye chai yake, huku akimsifu binti yake kwa kuilinda nyumba.

Kijiko. Kijiko tena. Baada ya robo saa mzee akafumbua macho, akamkuta Malogo amemkumbatia.

"Nani kamruhusu huyu mbwa kunishika?"

Wote wakalia kwa furaha. Malogo akalia kuliko wote, mjinga yule.

Furaha haikukaa. Daktari bado alikuwa kwenye simu, akauliza swali ambalo programu haikuwahi kuliuliza. "Mzee, hizi wiki tatu ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kuonja."

Kisha daktari akasema taratibu, "Na mimi mtoto wa zabibu, nikaongeza dawa mara mbili bila kukumbuka mwezi huu ni wa nini."

Malogo akatazama vidole vya miguu. Yeye ndiye aliyemzomea mzee mbele ya watu kwamba ulimi umezeeka, na tangu siku ile mzee alikuwa akirudia kila mstari.

Sechelela naye akasema, "Mimi nilimwona kila siku. Nikasema, nikimtaja kwa Nyemo, atamnyang'anya mume wangu kazi yake. Nikakaa kimya."

Nyemo akaitazama simu yake. Maneno "hajala tunda" alikuwa ameyaandika yeye, na sindano ilikuwa bado pale chini, imejaa.

"Mzee," daktari akasema, "kuonja basi. Ukiendelea, dawa zitakuwa zinakukimbiza kila msimu, na siku moja Malogo hatakuwa uani."

Mzee akajiinua kutoka kifuani kwa Malogo. Kisha akasema, "Basi neno langu nampa mtu aliyeniokoa. Atasema 'kateni' badala yangu, na mimi sitampinga. Atakayemtaja ni Nyemo. Sindano ulikuwa nayo wewe, mwanangu. Nilivyokuwa karibu na kaburi, unajua wewe tu."

Malogo akasema, "Mimi ndiye niliyesikia. Bila mimi mngemkuta amekauka kama kisiki."

Sechelela akasema, "Nyote mlikuwa mnapiga kelele. Aliyekuwa na sukari ni nani?"

Daktari Perisi akasema, "Mimi sikuomba kitu. Lakini Nyemo, hebu jiulize, hiyo sindano ingekuwa wapi sasa? Na nikipewa sitakataa. Kipo kifaa cha kupimia utamu wa zabibu, nitakuja nacho kila msimu."

Miezi imepita. Machi imeingia, zabibu za msimu wa pili zimeiva, nyuki wameanza kuzitoboa. Kesho asubuhi kijiji kizima kitasimama uani kwa mzee na mikasi mkononi, na Nyemo hajamtaja mtu.

Akimtaja Malogo, mzee atatimiza ahadi yake, lakini kila asubuhi atalisikia neno lake likitoka kwenye mdomo wa adui, na Nyemo anajua kuna watu wanaokufa kwa hilo bila kisukari.

Akimtaja mama yake, neno litabaki nyumbani. Ila mzee ataomba punje moja, na mama hajawahi kumnyima wala kumsema. Atamfichia, na programu itaandikiwa uongo mtamu.

Akimtaja daktari, baba yake ataishi. Namba zitakuwa nzuri. Ila kifaa kikishasema mara moja, kijijini pale hakuna atakayeuhitaji tena ulimi wa mtu, na mzee mwenyewe ameshasema usiku huu, huku akigeukia ukutani, "Mpe umtakaye. Ila usinipe uhai kisha ukanipokonya mimi."

Wote watatu walimwokoa. Wote watatu, na Nyemo wa nne, nusura wamzike.

Nimemaliza, na msinitazame mimi. Jogoo wa kwanza ameshawika kule, watu wanatafuta mikasi yao gizani, na binti wa watu amekaa kitandani hajui aanze na jina la nani. Haya, semeni upesi kabla hapajakucha: ungekuwa wewe, ungemtaja nani?