Siku Pimbi Alipocheza Ngoma ya Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama wa Usukuma walipokuwa wakilima mtama na choroko kama sisi, alikuwepo Pimbi mmoja mpiga ngoma, jina lake Luhende. Nyumba yake ilikuwa juu ya mawe, na ngoma yake ilikuwa ndogo kama chungu cha mboga.

Kila mwaka baada ya mavuno Luhende alishindana na Kiboko, bwana Shigela. Walicheza wakati mmoja, huyu upande huu wa uwanja, yule upande ule, na watazamaji walikwenda walikopenda. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Aliyeshindwa alimlimia mwenzake msimu mzima.

Miaka mitatu mfululizo Luhende alilima kwa Shigela. Ngoma ya Kiboko ilikuwa kubwa kama ghala. Ikishalia ndi, ndi, ndi, ile ya Pimbi hata mpigaji mwenyewe haisikii.

"Baba Limi," mkewe Minza alimwambia, akimkanda mgongo kwa maji moto, "kwa yule bwana mimi silimi tena. Ukishindwa mwaka huu, narudi kwa mama."

Luhende alimjua Minza, akisema anaondoka, anaondoka.

Asubuhi ya mashindano Luhende akauzungushia upande wake mikeka, akaacha mwanya mmoja tu.

"Luhende, mdogo wangu," Shigela akauliza, "unaficha nini huko?"

"Leo naona haya, kaka. Niombee kwa watu wasije kuchungulia."

Kiboko akavimba kwa furaha. Akapaza sauti uwanja mzima ukasikia: "Jamani, Pimbi anaomba msichungulie kwake."

Haya, mtu ukimkataza kuchungulia, macho yake utayafunga kwa kamba? Swala akachungulia wa kwanza, akaangua kicheko. Pundamilia akaenda kumwuliza anacheka nini, hakurudi. Nyumbu naye vivyo hivyo. Punde wote wamejaa ndani, kwa kwa kwa, mbavu hawana.

Shigela akabaki anawapigia ngoma konokono wawili, nao walikuwa wameshaanza safari ya kuondoka. Hata Kobe, mwamuzi, alikuwa anajikokota kuelekea kwenye mikeka. Kiboko roho ilimwaka, lakini zaidi ya hasira, alitaka kujua. Akatupa fimbo za ngoma, akaja mbio, akapenya mpaka mbele.

Akamwona mchezaji mfupi, tumbo limejazwa majani, mashavu yamevimba. Anainua mguu mmoja taratibu, anayumba, kisha anaanguka chali, puu. Pembeni Minza anapiga ile ngoma ndogo, tiki tiki tiki.

Shigela akacheka mpaka machozi. "Huyu mnene ni nani? Kucheza hajui kabisa."

"Ni wewe, mzee," Swala akamjibu.

Shigela akageuka arudi kwenye ngoma yake, kumbe Kobe ameshafika mwanyani, anahesabu vichwa.

"Kwa Shigela," Kobe akasema polepole, "nimeacha konokono wawili. Kwa Luhende wako wengine wote, na Shigela mwenyewe yumo."

Minza akaweka ngoma chini, akaenda kumchagulia Kiboko jembe lenye mpini mrefu.

Basi wanangu, mwenye nguvu huita watu kwa kelele, lakini mwenye akili humwita hata mshindani wake.