Jina la Kuandikwa Ubavuni mwa Tela

Sogeeni. Sogeeni karibu, mkeka ni mpana. Wewe mwenye muwa, uweke chini kwanza, kutafuna kwako kunaizidi sauti yangu. Na wewe unayecheka huko nyuma, cheka umalize, halafu unyamaze. Nataka kimya mpaka tusikie kuku wanavyojipanga kulala. Haya. Sasa nisikilizeni, maana mwisho nitawauliza, na asiyesikiliza asithubutu kunijibu.

Palikuwa na bwana mmoja, Msengi, mchanja kuku. Alizunguka minadani akiwatia kuku tone moja la dawa jichoni, wasife kwa kideri. Bwana huyu alikuwa na wake watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Mke mkubwa, Nzitu, alikuwa na masikio. Kibuyu cha maziwa ukikitikisa mara moja tu, anakwambia yameganda au bado. Kuku akipumua vibaya uani, Nzitu yumo ndani anasonga ugali, anasema, "Yule mweusi mtengeni, anaumwa."

Mke wa pili, Zenabu, alikuwa na mdomo. Angeweza kumwomba mtu shuka alilojifunika, na mtu yule akamshukuru kwa kumpunguzia joto.

Mke mdogo, Sikudhani, alikuwa na mikono. Baba yake alikuwa fundi wa kuezeka, naye alikulia juu ya mapaa. Spana kwake ilikuwa kama sindano kwa mshonaji.

Sasa dawa ile ya kuku haitaki joto. Ikipata joto inakufa, na ukimtia kuku dawa iliyokufa umemtia maji tu. Miaka kumi na minane Nzitu alitembea na mumewe minadani, ndoo ya barafu kichwani, dawa imo ndani. Barafu ikiyeyuka kabla ya mnada wa pili, wanarudi nyumbani, na kuku wa huko mbele wanakufa. Lakini njia nzima walikuwa wawili tu, yeye na mumewe, na maji ya baridi yakimtiririka shingoni. Wenzake walikuwa na zamu zao, siku tatu kwa siku tatu. Njia ilikuwa yake.

Halafu wajenzi wa barabara walipomaliza kazi yao, Msengi akanunua kwao tela la kulala. Tela lenyewe nyumba kabisa: mlango, madirisha, kitanda, magurudumu manne, unalifunga nyuma ya pikapu linakufuata. Akatia na friji ndogo. Friji bila umeme ni kabati, kwa hiyo akawaita wake zake.

"Tela halina jina," akasema. "Atakayenitilia baridi kwenye friji hii, jina lake nitaliandika ubavuni kwa rangi nyekundu. Mwenye jina atashika ufunguo. Na mwenye ufunguo ndiye nitakayesafiri naye."

Nzitu aliyasikia maneno hayo kwa yale masikio yake. Akainama kuokota ungo ambao haukuwa umeanguka.

Wa kwanza kutoka alikuwa Zenabu. Kijijini Ilolelo alikuwako mzee Mghamba, ana paneli mbili za sola chini ya ghala tangu nguzo za umeme zifike dukani kwake. Wengi walimwomba, wote aliwafukuza. Zenabu akaenda, asiombe kitu. Siku ya kwanza akabangua karanga na mke wa mzee. Siku ya pili akabangua tena. Siku ya tatu akapiga miayo, akasema, "Mzee wangu, nasikia zile paneli zako zilishakufa."

"Nani kasema zimekufa?"

"Watu."

"Watu gani? Nitajie!" Mzee akazitoa mwenyewe, akazifuta vumbi kwa kanzu yake, akaziunga na redio, na redio ikaimba mpaka mbuzi wakasimama.

"Kumbe ni nzima," Zenabu akasema taratibu. "Basi ni dhambi, mzee, kumzika aliye hai."

Jioni paneli zikafika nyumbani kwa mkokoteni. Alichokiahidi Zenabu ni kwamba tela litasimama kwanza mlangoni kwa Mghamba kila mwezi, daima. Aliahidi kwa niaba ya mumewe, na mumewe hakuulizwa.

Nzitu akaziona. Akasema, "Umetuletea vioo. Hata mimi nina kioo."

Wa pili alikuwa Sikudhani. Alijifunga kanga kiunoni, akapanda juu ya tela, akatembea kwa magoti, akigonga bati kwa kidole ili apate mbavu zake, maana bati tupu halishiki kitu. Huku chini wake wenza wawili wamesimama, shingo zimewauma.

"Mtazame," Nzitu akasema. "Kapanda kama paka aliyeona panya."

"Paka akimkamata panya, dada, wewe utakula nini?" Zenabu akauliza.

"Nitakula ulimi wako. Ni mrefu, tutashiba wote."

Sikudhani hakujibu, bolti zilikuwa mdomoni. Akafunga vyuma vya pembe kwenye mbavu, akalaza paneli juu yake, akaacha nafasi ya vidole vinne chini ili upepo upite, paneli zisijichome. Kila tundu alilotoboa akaliziba kwa gundi. Alipomaliza akamwaga unga mwembamba sakafuni mwa tela, akapanda na ndoo, akamwaga maji batini. Wakaingia kutazama: unga mkavu, hapakuwa na tone hata moja.

Friji ikanguruma. Kufika alasiri Msengi akatoa kikombe cha maji, akakiweka shavuni. Akacheka, akafumba macho. "Sikudhani," akasema, "njoo ushike shavu langu!"

Nzitu alikuwa mlangoni. Alikumbuka yale maji ya barafu yaliyokuwa yakimshuka shingoni, na mume huyu huyu akiyafuta kwa ncha ya shuka lake. Miaka mingapi hajayafuta? Wivu, wajukuu zangu, haumwingii mtu kama moshi, taratibu. Ulimkaa pale pale, mzima mzima, kama mgeni aliyekuja na mizigo yake.

Asubuhi wakaondoka kwenda mnada wa Msimiko, ambako kideri kilikuwa kimeanza. Msengi akaendesha pikapu, Sikudhani pembeni yake. Nzitu na Zenabu wakapanda ndani ya tela. Msengi akampa Nzitu mwiko wa chuma, akamwambia, "Mkiona tatizo, gonga ukuta wa mbele. Nitasimama."

Mwiko ukalala mapajani. Zenabu akaanza kuongea. Na Nzitu akaanza kusikia.

*Kri. Kri. Kri.*

Ilitoka darini, upande wa nyuma. Nati inajifungua. Nzitu akaushika mwiko, akauinua, halafu akatazama kwa dirisha la mbele. Akaona kisogo cha mumewe na kisogo cha Sikudhani, vimekaribiana, vinacheka.

Akaushusha mwiko.

Nati ya kwanza ikabingirika batini, ikaanguka kwenye mawe. Acha, Nzitu akajiambia, acha aone kazi ya mtoto wake wa paa. Ya pili ikabingirika, ikaangukia mchanga wa korongo. Nani alimwomba acheke? Ya tatu ikaruka, ikalia kwenye bomba la daraja dogo. Zenabu alikuwa bado anaongea, habari ya shangazi yake na mbuzi.

Sasa paneli ikaanza kupiga bati, *pa, pa, pa*, kama mtu anayebisha hodi. Na njiani walikuwa wameshaanza kuonekana watu wa mnada, matenga ya kuku vichwani. Mwanamke mmoja alitembea ukingoni kabisa mwa barabara, mtoto mgongoni, kuku kwapani. Nzitu akamsikia yule kuku anavyopumua: anakoroma. Akaisikia paneli inavyojivuta kuelekea upande ule ule.

Akagonga. Aligonga ukuta mpaka mwiko ukapinda.

Pikapu ikasimama. Walipopanda kutazama, paneli ya nyuma ilikuwa imening'inia kwa bolti moja, nati yake imebaki uzi mmoja tu. Yule mwanamke alipita chini yake, akawasalimia, akaendelea na safari yake.

Sikudhani alikaa chini barabarani. "Nimezifunga kama za nyumbani," akasema. "Kama ninavyofunga mapaa."

"Nyumba haitembei, mdogo wangu," Zenabu akasema, na mara hii hakuongeza neno.

"Nina mpira wa tyubu wa kubania," Sikudhani akasema, "lakini nati za kipimo hiki sina nyingine. Na paneli moja haitoshi friji. Dawa itapata joto kabla hatujafika."

Wote wakaitazama barabara walikotoka. Ndefu, nyekundu, mawe na mchanga. Nani ataona nati humo?

Nzitu alisimama na mwiko wake uliopinda. Akinyamaza, dawa itakufa, na kuku wa Msimiko watakufa. Lakini hakuna atakayejua kitu: yeye ni mke mkubwa aliyegonga ukuta akawaokoa. Na akisema?

"Ya kwanza," akasema, "iko kwenye mawe, mara baada ya Ilolelo, penye mti ulioungua. Ya pili iko kwenye mchanga wa korongo, upande wa kushoto. Ya tatu iligonga bomba la daraja. Hiyo itakuwa majini."

Sikudhani akainua kichwa. "Dada. Uliisikia ya kwanza?"

"Niliisikia."

"Na ya pili?"

"Na ya pili."

Msengi akamtazama mkewe wa ujanani kama anayemtazama mtu aliyemfananisha na mwingine. Akafungua pikapu kutoka kwenye tela, akarudi nyuma na Zenabu. Nati zote tatu zilikuwa pale pale zilipotajwa.

Sikudhani akakata vipande vya tyubu, akatia kimoja chini ya kila nati, akakaza kwa nguvu zake zote. Nzitu alimshikia ngazi. Friji ikabaki baridi, na siku ile kuku mia nne wa Msimiko wakapata tone jichoni. Msimu ule kideri kilipita vijiji vyote jirani, Msimiko kikakosa pa kulala.

Waliporudi nyumbani, fundi wa rangi akaja na kopo la rangi nyekundu. "Niandike nani?"

Zenabu akasema, "Bila mdomo wangu, paneli zingekuwa bado chini ya ghala. Mngefunga nini huko juu, nyungo?"

Sikudhani akasema, "Bila mikono yangu zingekuwa zimelala uani. Ndiyo, nilikosea nati. Lakini kosa langu nililifanya bila kujua, na nililirekebisha mwenyewe."

Nzitu akasogea mbele. "Mimi nilijua," akasema. "Nilinyamaza kwa nati tatu, kwa sababu ya wivu, sikatai. Lakini niligonga. Na mngezipata wapi nati zile, kama nisingejifedhehesha mbele yenu?"

"Ungegonga ya kwanza, tusingehitaji kuzitafuta!" Sikudhani akamrukia.

"Na kama usingeketi mbele ukicheka, ningegonga ya kwanza."

"Mnasikia? Bado anao! Wivu wake huo hapo, mzima!"

"Ninao," Nzitu akasema. "Na masikio ninayo."

Msengi akashika kichwa. "Fundi, rudi mwezi ujao."

Mwezi uliofuata akasema hivyo hivyo, na mwaka uliofuata hivyo hivyo. Wakawa wanasafiri wote wanne, wamebanana kama njugu kwenye ganda, ufunguo uko mfukoni mwa Msengi, mpaka akafariki ufunguo ukiwa mfukoni humo humo.

Ukoo ukakaa, ukagawa. Nzitu akarithi nyumba kubwa na ng'ombe sita. Zenabu akarithi shamba la karanga na kibanda cha mnadani. Sikudhani akarithi pikapu na vifaa vyote vya ufundi. Watoto wakarithi mbuzi, wakagombana, wakapatana. Likabaki tela, na tela halikatwi vipande vitatu. Wazee wa ukoo wakasema, lichukuliwe na yule ambaye jina lake lilistahili kuandikwa tangu mwanzo. Basi wakatazamana, hakuna aliyejua.

Sasa ninyi ndio ukoo. Yupo aliyezipata paneli kwa ahadi isiyokuwa yake. Yupo aliyezifunga vizuri, akasahau kwamba nyumba hii ina magurudumu. Na yupo aliyekaa na mwiko mapajani akihesabu nati zinavyoanguka, halafu akajivua nguo mbele ya watu ili zipatikane. Msinijibu haraka. Na wewe uliyeolewa juzi, usinijibu kwa ajili ya mke mwenzio, nijibu kwa haki.

Fundi wa rangi amekwisha kulifungua kopo, brashi imelowa, anangoja.

Wewe ungemwambia aandike nani?