Kikohozi cha Bi Mashavu

Palikuwa na Sultani mmoja, Mundhiri jina lake, aliyepiga marufuku kukohoa. Msicheke bado. Sababu alikuwa nayo.

Zamani babu yake alipatana na Wakirango, wafugaji wa bondeni, kwa mkataba: kilicho juu ya ardhi ni chao, kilicho chini ni cha Sultani. Wakirango wakaona wamepata, maana ng'ombe hali kilicho chini. Hata alipotawala Mundhiri, akachimba, akapata mafuta na gesi. Mafuta akayauza. Gesi akaiwasha iteketee hewani, usiku na mchana. Miaka mitatu moshi ukatanda bondeni. Maziwa yakanuka kibatari, nguo nyeupe zikawa kaniki, na watoto wakalala wameketi, kwani wakijinyoosha pumzi huwakatika.

Siku moja wakaja wanunuzi kutoka ng'ambo. Sultani akawapeleka bondeni awaonyeshe visima, lakini kila aliposema neno, vikohozi vya Wakirango vilimzidi sauti. Wageni wakatazamana. Sultani akafedheheka, akatangaza: Mkirango yeyote atakayekohoa atafukuzwa bondeni, yeye na ukoo wake wote.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa Bi Mashavu, mjane muuza samli, mwembamba kama ufito, mdomo hauna breki. Akaletwa barazani. Sultani kwenye kiti chake, Kadhi pembeni na wino wake, raia wamejaa hadi mlangoni.

"Wewe mwanamke, ulikohoa?"

"Nilikohoa, Mtukufu. Mara saba. Askari wako kaandika mbili tu, mvivu huyu."

"Na amri yangu uliisikia?"

"Niliisikia. Lakini nina kosa kubwa kuliko hilo. Mimi ni mwizi."

Kadhi akainua kichwa. "Umeiba nini, bibi?"

"Kwanza Mtukufu anijibu. Kinachotoka chini ya ardhi ya bondeni ni cha nani?"

"Changu! Mkataba unasema hivyo."

"Mafuta?"

"Yangu."

"Gesi?"

"Yangu."

"Na moshi wake?"

Sultani hakuwa mtu wa kuachia kitu. "Wangu! Hata masizi yake ni yangu. Atakayechukua bila ruhusa ni mwizi!"

"Basi andika, Kadhi. Mimi na ukoo wangu mzima tumejaza moshi wa Sultani vifuani, na ruhusa hatukuomba. Kila tukitaka kuurudisha, mwenyewe anatukataza."

"Mnaurudishaje?" akauliza Kadhi.

"Kwa kukohoa, Shekhe. Njia nyingine hatujaipata."

Kicheko kikapasuka. Kisha mmoja akakohoa kule nyuma. Wa pili akapokea. Mara baraza zima linakohoa, hata askari waliolinda visima, na uso wa Sultani ukaiva.

"Basi! Siutaki! Nimewapa! Moshi wote, wa jana na wa kesho, ni mali ya Wakirango!"

"Kadhi, umesikia?"

"Nimesikia, na nimeandika."

Bi Mashavu akapiga goti. "Ahsante, Mtukufu. Sasa mimi na wenzangu, wenye mali, hatutaki moshi wetu uzurure. Usitoke kisimani hata uzi mmoja. Atakayeuachia atashtakiwa kama mtu aliyefungulia ng'ombe wa wenzake zizini."

Kadhi alifikiri, akapangusa kalamu, akasema, "Mali ni yao, na neno ni lao. Sultani, uufungie moshi wa watu hawa, au uuzime moto wako."

Sultani akaruka kitini. "Niufungie wapi? Nani duniani amewahi kufungia moshi?"

"Sisi tumeufungia vifuani miaka mitatu, Mtukufu," akasema Bi Mashavu. "Na wewe kifua unacho."